Ombi la Kurudishiwa Mji wa Malindi na Viunga Vyake

Kache Kambi,
kwa shangazi yake Idah,
Kisumu Ndogo, Malindi.

Kwa Msajili wa Ardhi.

KUHUSU: KUFUTWA KWA UHAMISHO WA MIJI YOTE YA PWANI NA MINGINE KADHAA YA BARA

Ndugu Msajili,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini mtu anayeshika hati za watu hawezi kuwa mdogo, kwa hivyo pokea tu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, na kwa bahati mbaya nimeutoa mji wa Malindi. Nimeutoa wote, pamoja na soko, stendi, uwanja wa ndege na nyumba unamolala wewe, kama unalala upande huu. Aliyeupokea ni Kabibi, mtoto wa miaka mitano ambaye bado anavaa viatu mguu huu kwa ule. Naomba kwa heshima zote uhamisho huo ufutwe kabla hajaingia gredi ya kwanza, maana akijua na kusoma hatutamweza.

Nieleze ilivyokuwa. Nilikwenda kuomba kazi ya kujitolea maktabani kwa sababu moja tu: ukutani pana kibao kinachosema KIMYA TAFADHALI. Mimi ni mtu wa haya. Sauti yangu ni kama kaa wa mchangani, ikiona mguu wa mtu inarudi shimoni. Shuleni nilikuwa nikijibu kwenye karatasi peke yake. Mwalimu wa kemia alimaliza muhula mzima akidhani mimi ni mgeni wa mwanafunzi fulani. Basi nikajisemea, nitapanga vitabu, nitafuta vumbi, nitanyamaza, na kwa mara ya kwanza nitasifiwa kwa kunyamaza. Bi. Pamela, msimamizi wetu, alinitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili akasema, "Wewe una Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule. Jumamosi utawasomea watoto hadithi kwa lugha mbili." Nilitaka kukataa. Lakini kukataa nako kunataka sauti.

Kazi yenyewe si mbaya. Vitabu vyetu vina Kiswahili ukurasa wa kushoto na Kiingereza ukurasa wa kulia. Nasoma kushoto, kisha kulia, uso wangu nimeuficha nyuma ya picha. Watoto wanakaa mkekani, na wale wadogo kabisa wanatafuna pembe za kitabu bila kubagua lugha. Ila Bi. Pamela alitaka baina ya hadithi na hadithi pawe na vitendawili, wasije wakalala. Msiba wangu ulianzia hapo. Wewe ni mtu wa serikali, lakini ulikuwa mtoto pia, unajua sheria: mtu akitega na wengine wakashindwa kufumbua, anadai mji, na mji lazima atolewe.

Jumamosi ya kwanza ilipasa nitege mimi. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kabibi akaona pengo, akasimama, akashika kiuno, akasema, "Kitendawili!" Watoto wakaitikia, "Tega!" Akatega kile cha nyumba isiyo na mlango, halafu akanielekezea kidole mimi, si wenziwe.

Ndugu Msajili, jibu ni yai. Nilijua ni yai. Mkeka mzima ulijua ni yai, ila watoto wa kwetu wamefunzwa adabu, wakamngojea mwalimu. Neno lilipanda likafika kwenye meno. Hapo macho yote yakanigeukia, neno likateremka tena. "Hujui!" akasema Kabibi. "Nipe mji." Sasa mimi niligundua jambo ambalo naliungama kwako: kutoa mji ni rahisi kuliko kutoa jibu. Mtu akitoa jibu, watu humtazama yeye. Akitoa mji, huutazama mji. Nikanong'ona, "Chukua Mombasa."

"Mombasa mbali," akasema. "Nipe Malindi."

Nikampa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Choo. Choo cha maktaba kiko Malindi. Kila kitu cha maktaba kiko Malindi, lakini choo ndicho kilichotufikisha pabaya. Kabibi alikaa kwenye kizingiti na kila aliyetaka kupita akawa anaulizwa, "Umepiga hodi mjini kwangu?" Wengi walipiga hodi, wakapita. Tevin, mtoto wa jirani yetu aliyehamia hapa na wazazi wake kutoka bara, akasema yeye hawezi kuomba ruhusa ya kukojoa kwa msichana mwenye kamasi. Akasimama na msimamo wake. Mkeka bado uko kambani, na mama yake Tevin hajanisalimia tangu siku hiyo.

2. Marereni. Baada ya kugundua kwamba mimi sijibu, Kabibi aliacha vitendawili vya wahenga akaanza kutunga vyake. "Jana usiku nimeota kitu. Ni kitu gani?" Huyo ndiye Kabibi. Hata angekuwa mbele ya jopo la mahakimu, nani angefumbua? Kwa ndoto hiyo alichukua Marereni. (Jibu lilikuwa mbuzi mwenye kofia.) Sasa babake Tevin, Bwana Simeon, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule kule Marereni. Tevin akaenda nyumbani akamwambia baba yake asithubutu kwenda zamu, mwenye mji hajaruhusu. Baba akacheka. Tevin akazificha buti za baba.

Jumamosi iliyofuata mlango wa maktaba ukafunguliwa na mwanamume mrefu mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope. "Mwenye Marereni ni nani hapa?" Mimi nilijificha nyuma ya rafu ya jiografia, ambako ndiko miji yangu yote ilikuwa, ikinisuta. Bwana Simeon akachuchumaa mbele ya Kabibi. "Habari ya asubuhi, mama. Mimi naitwa Simeon, nafanyanga kazi kwa chumvi. Sasa nilikuwa naomba unipatie ruhusa, nisifutwe."

"Utaniletea nini?"

"Kwani mama unataka nini?"

"Chumvi."

Tangu hapo kila Jumamosi anamletea chumvi kidogo ndani ya karatasi, na Kabibi huificha nyuma ya kamusi. Bi. Pamela amekwisha kuuliza, "Nani anakaanga samaki humu ndani?" Nilidhani Bwana Simeon atanifokea, lakini alipokuwa akitoka aliinama akaniambia kwa upole, "Dada, wacha tu. Mwenye mahali nafanyia kazi sijawahi kumwona. Huyu angalau namjua sura." Hilo silo lalamiko langu, ni lake, nimelichomeka tu.

3. Kilifi imekatwa vipande. Upande wa Mnarani Kabibi alimpa Whitney, upande wa mjini akampa Baya, na daraja akajibakishia mwenyewe. Whitney na Baya hukaa bega kwa bega mkekani, lakini siku hizi hawawezi kupeana kifutio bila kifutio kupitia mkononi mwa Kabibi, naye hukichelewesha.

4. Hili si lalamiko ila sina pengine pa kuliweka. Jumamosi moja nilimkuta Kabibi mlangoni, amesimama mikono nyuma kama mtu anayekagua ujenzi. Akaniuliza, "Wewe Kisumu Ndogo unakaa kwa nani?" Nikasema kwa shangazi. Akatikisa kichwa akasema, "Kaeni tu. Mkikaa vizuri." Ndugu Msajili, ulimi wangu, huu usioweza kusema yai, ulimwambia, "Shikamoo." Naye akaitikia, "Marahaba," bila hata kusita. Shangazi Idah alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza polepole kama kweli tunaruhusiwa kupanua jiko.

5. Kiingereza hakikunisaidia. Niliwaza hivi: katika Kiingereza mtu akishindwa kitendawili anaambiwa jibu bure, mambo yanakwisha. Nikawatangazia kwamba kuanzia leo vitendawili vitakuwa vya ukurasa wa kulia. Watoto wakajaribu. Tevin, ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wote, alishinda akangoja. Akangoja tena. "Sasa, ticha, nimepata nini?" Nikanong'ona kwamba amepata maarifa. Wakanitazama kama watu waliokaribishwa karamuni wakafunuliwa sinia tupu. Tangu siku hiyo nikigeuza ukurasa wa kulia wanaingia chini ya meza. Kabibi ndiye aliyeniokoa, na wokovu wake ulikuwa mbaya zaidi: aliamua kwamba Kiingereza nacho kitalipa, ila kwa miji ya ng'ambo. London aliikataa, akasema ni kwa baridi. Akachukua Roma, kwa kuwa wale wazee wa Kitaliano wanaompungia mkono barabarani wanatoka huko na angependa wakirudi kwao wamkute ameshafika.

6. Matsangoni. Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, na ambalo kwa kweli ningependa ulipite haraka haraka bila kulitazama sana.

Matsangoni ni kwetu. Ni hapo kando ya barabara ya kwenda Kilifi, na Hawe wangu, yaani bibi yangu, anakaa hapo kwenye kiwanja chenye minazi. Babu alifariki mwaka huu. Kabla ya kufariki alipooza, na ulimi ulitangulia kufa. Miezi yote ya mwisho akitaka maji aligonga kikombe. Siku ya matanga akasimama Baba Mkubwa Sanga, mtoto wa nduguye babu anayekaa Mombasa, akasafisha koo, akasema, "Marehemu, siku chache kabla hajatutoka, aliniambia kwa kinywa chake mwenyewe: Sanga, pale penye minazi, chukua."

Penye minazi ndipo ilipo nyumba ya Hawe.

Watu wote waliokaa pale walijua Babu hakuwa na kinywa cha kusemea. Hakuna aliyesema. Baba Mkubwa ndiye aliyeleta turubai, viti na sufuria kubwa za matanga, na kwetu mtu aliyeleta turubai hakatizwi wakati wenzake wamekaa kwenye kivuli chake. Hawe aliinua uso akanitazama mimi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikimpa Babu kile kikombe. Nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina hadi ikajaa kwenye kisahani. Baba Mkubwa akasema atarudi na wapima ardhi.

Kwa hivyo nikafikiri, na naomba usinicheke. Ukitoa uamuzi kwamba maneno matupu hayahamishi ardhi, Malindi itarudi, Marereni itarudi, na Hawe atabaki kwake, bila mimi kulazimika kusimama mbele ya Baba Mkubwa na kufungua mdomo. Ndiyo maana nimeanza na Malindi. Mji mkubwa huonekana kutoka ofisini. Jiko la Hawe halionekani.

Lakini kuna haraka. Kabibi ananidai Matsangoni. Sijui ameisikia wapi. Kila akiitaja mimi huitupa mbele yake miji mingine kama mtu anayemtupia mbwa mkali mifupa huku akirudi nyuma: Lamu, Garsen, Voi, Watamu, Gede, hata Mombasa aliyoikataa mwanzo, Nairobi na vitongoji vyake, Lodwar ambayo sijawahi kuiona. Yote amekwisha kuibeba. Nimeshusha ramani ya ukutani nikaitazama, hakuna mji ninaoweza kuutamka ambao si wake. Umebaki mmoja. Jumamosi inakuja.

Hoja zangu za kisheria nimezitoa kwenye kitabu cha rafu ya chini ambacho hakina jalada, kwa hiyo sijui ni sheria ya nchi gani.

Kwanza, Malindi haikuwa yangu. Nimeambiwa kwamba katika ukanda huu hicho si kizuizi kikubwa, lakini nakitaja kwa ukamilifu.

Pili, mpokeaji hajui kuweka sahihi. Anachovya kiganja kwenye rangi anakipiga ukutani kila apatapo mji, na ukuta wa maktaba sasa una hati nyingi kuliko, usinielewe vibaya, kabati za watu wengine.

Tatu, aliyenyamaza hakukubali. Kunyamaza kwangu mkekani ni haya. Kunyamaza kwa watu matangani ni adabu. Ikiwa adabu itahesabiwa kuwa sahihi, watu wote wenye adabu wa pwani hii watalala barabarani, na wataamkiana vizuri sana huko huko barabarani.

Nne, na hii ndiyo nguzo: neno ni upepo. Mtu hawezi kusema "chukua" na udongo ukahama. Kama ingekuwa hivyo, kila muuza maembe anayewaambia wateja "chukua, mama, chukua" angekuwa ameshaligawa soko na yeye mwenyewe ndani. Natamka kwa hiyo bila kuacha mwanya: ardhi iliyotolewa kwa mdomo, iwe mchezoni au matangani, mbele ya mashahidi au bila mashahidi, na mtu mzima au mtoto, haijatolewa kamwe.

Ninachoomba ni kidogo. Naomba uamuzi wenye muhuri, ikiwezekana muhuri mkubwa, kwa kuwa Kabibi hatishwi na karatasi lakini anapenda rangi ya zambarau. Naomba pia afisa wa kuja maktabani kumsomea uamuzi huo, na naomba asije peke yake. Endapo hayo yatachukua muda, basi nikopeshe miji michache ya akiba ambayo haimo kwenye ramani za kawaida, niweze kuvuka Jumamosi hii.

Nafunga hapa kwa kuwa shangazi anataka meza. Wafikishie salamu makarani wako, wapima ardhi wote walio waaminifu, mlinzi wa lango, na mama anayewaletea mahamri saa nne. Kama mmoja wao ana watoto wadogo, hadithi huanza Jumamosi asubuhi, kwa lugha mbili, hakuna kiingilio. Ila waje mikono mitupu. Wasije na vitendawili.

Ni mimi wako mtiifu, ninayekaa Kisumu Ndogo kwa hisani ya Kabibi,

Kache Kambi.

Baada ya kutia sahihi: Ndugu Msajili, barua ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuifungua kwa mvuke wa chai. Usijali madoa.

Nilikwenda Matsangoni kumwona Hawe kabla ya kuipeleka posta. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, na uani Baba Mkubwa Sanga amefika na mpima ardhi, kijana wa kushika kamba, na mzigo wa vigingi. Bwana Dena, naibu wa chifu, alikuwa amesimama kando kushuhudia, amekunja mikono. Majirani wamejaa uani, kimya. Kigingi cha kwanza kilikuwa kimekwisha kupigwa karibu na jiko. Baba Mkubwa aliinama akitazama kamba imenyooka vipi. Safari hii hakuleta turubai. Jua lilikuwa linatuchoma sote sawasawa.

Nilitaka kusema, "Babu alikuwa hawezi kusema." Maneno mepesi hayo. Yakapanda, yakafika kwenye meno, nikaona yanajiandaa kurudi. Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni mazoea ya Jumamosi. Badala yake nilisikia sauti kubwa, na ilikuwa yangu, ikisema:

"Kitendawili!"

Baba Mkubwa, ameinama vile vile, hata hakugeuka, akasema, "Tega!"

Sio kosa lake. Mtu aliyelelewa huku unaweza kumwambia kitendawili akiwa mezani kwa daktari amefunguliwa tumbo, ataitikia. Lakini alipokwisha kuitikia alikuwa ameingia, na kila aliyekuwa uani alijua ameingia, hata yule kijana akailegeza kamba ili asikie vizuri. Nami sikuwa na kitendawili. Nikatega kilichokuwepo.

"Hana pumzi, hana ulimi, lakini bado anawagawia watu mashamba."

Baba Mkubwa akanyooka. Nadhani hakunitambua mara moja, hajawahi kunisikia. Akacheka kidogo. "Serikali," akasema. Nikatikisa kichwa. "Benki." Si benki. "Mvua?" Watu wakaguna. Bwana Dena mwenyewe, kiongozi wetu, akashindwa kujizuia akapaza sauti, "Umeshindwa, mzee! Toa mji!" Na majirani, Mungu awabariki, wakadakia, "Toa mji! Toa mji!"

"Haya basi, chukua Mombasa."

"Ina mwenyewe," nikasema.

"Kilifi."

"Ina wenyewe wawili, na daraja lina wa tatu."

"Malindi basi."

"Hiyo usiitaje."

"Nairobi!"

"Ya Kabibi."

"Kabibi ni nani?"

"Baba Mkubwa, bora usimjue."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Akataja Lamu, akataja Voi, akataja mpaka Roma, sijui ilimjiaje. Zote nikamwambia zina mwenyewe, na ni kweli, Ndugu Msajili, sikusema uongo hata mmoja. Mwishowe akatupa mikono juu. "Ala! Basi chukua hii hii Matsangoni yenu, mniache nipime!"

Mpima ardhi akamtazama Bwana Dena, Bwana Dena akamtazama mpima ardhi. Kisha mpima akaanza kukunja kamba, taratibu, kuanzia ncha ya mbali. "Mzee wangu," akasema, "umetoa."

Kwa desturi nililazimika kusafiri ndipo nitoe jibu, kwa hiyo nikasema, "Nilipokwenda Matsangoni sikwenda mbali, nilijikuta nimesimama papa hapa. Jibu ni marehemu."

Hakuna aliyecheka. Bwana Dena akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba yeye alikuja kumjulia hali Babu, Mzee Kambi, na hakujibiwa ila kwa kugongewa kikombe. Jirani wa kushoto akasema hata yeye. Mke wake akasema hata yeye. Mara uani pakawa na kelele kama maktabani. Baba Mkubwa akasema anawahi gari, na kigingi akakisahau.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Msajili, naomba barua yangu yote uisome kinyume. Nilikosea kuhusu upepo. Neno ni neno. Ardhi iliyotolewa kwa mdomo, mbele ya naibu wa chifu na mpima ardhi, na mtu mzima mwenye akili timamu aliyeitikia mwenyewe, imetolewa, na haifai kurudi hata kwa dawa. Nasikitika kwamba hilo linamwachia Kabibi Malindi, lakini sheria haiwezi kuwa na ukurasa wa kushoto unaosema hili na wa kulia unaosema lile. Mwandikie Malindi yake, mwandikie na Roma. Kwenye hati ya Matsangoni, pale penye minazi, tafadhali andika jina la Hawe.

Muhuri wako Hawe hakuungojea. Alisema shimo la kigingi limekwisha kuchimbwa, ni hasara kuliacha wazi. Amepanda muhogo.